Tunda Lililoivia Mtini

Sisi watu wa Dodoma tuna tunda letu, zabibu, na tunalijua vizuri. Mzabibu wa kwetu huzaa mara mbili kwa mwaka: mavuno ya kwanza Februari na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Ukipita Mpunguzi, Hombolo au Bihawana wakati huo utawakuta kina mama wamekaa kando ya barabara na mabeseni yao, na watoto wetu hujua kwa kuonja tu kama zabibu imekatwa leo au imelala. Mwanangu wa kwanza alizikataa zabibu za jana tangu hajaanza shule. Nasikia mara nyingi wazazi wakilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawapendi matunda, na siwaelewi. Watoto wanapenda matunda sana. Wanayoyakataa ni matunda yaliyochoka njiani.

Niliyaona haya kwa macho yangu Desemba ile tulipofunga nyumba, mimi na mume wangu na watoto wetu watatu, tukapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukavuka kwa boti kwenda Unguja. Baba mkwe wangu ni mtu wa Unguja aliyehamia bara kikazi akabaki huko, na watoto walikuwa hawajawahi kuona alikotoka babu yao. Siku za mwanzo tulikaa hotelini, upande wa mashariki wa kisiwa, kule kwenye mchanga mweupe, kwa sababu watoto walitaka bahari na baba yao alikuwa amewaahidi.

Bahari waliipata. Lakini mezani asubuhi kulikuwa na matufaha mekundu yenye vibandiko, zabibu zisizo na mbegu, tikiti lililokatwa vipande, na juisi ya boksi iliyomiminwa kwenye jagi la kioo. Binti yangu wa kati akamuuliza mhudumu, "Kaka, hizi zabibu za wapi?" Za Afrika Kusini, akajibiwa. "Na maembe je?" Kijana akaangalia chini kidogo, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Maembe yapo kwetu kijijini, mdogo wangu, mengi mpaka yanaoza. Hapa wanaagiza kwa orodha."

Jibu lile lilinikaa moyoni. Ni kweli kwamba mashariki mwa Unguja ni nchi ya mawe, udongo wake ni mwembamba, na miti mikubwa ya matunda haishamiri huko. Lakini kisiwa chenyewe ni kidogo. Ukanda wa ardhi nene wa magharibi na wa kati, wenye mikarafuu, minazi, miembe na mifenesi, uko mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Zabibu ile ilikuwa imevuka nchi kadhaa, na embe la kijiji cha mhudumu lilishindwa kuvuka wilaya.

Mume wangu ana shangazi yake Dole, jirani na Kizimbani, katika ukanda huo. Babu wa mume wangu alipata eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipowagawia wananchi mashamba, na sehemu kubwa ya miti iliyomo aliipanda kwa mkono wake. Shangazi ndiye aliyebaki kuitunza. Tulipopiga hodi alitoka na kanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani, akatupokea kama watu aliokuwa akiwangoja tangu asubuhi.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba wanangu. Za huko bara? Na hawa ndiyo wamekuwa wakubwa hivi? Njooni, njooni, msisimame juani. Chai mtakunywa. Kwanza mpoze koo."

Akaweka mkekani sinia la mashokishoki. Yalikuwa mekundu, yamechumwa na vijiti vyake, majani machache bado yameng'ang'ania. Mtoto wetu mdogo, aliyekuwa hajawahi kuona tunda lenye nywele, akarudi nyuma. "Bibi, linauma?" Shangazi akamkalisha mapajani. "Haliumi, mjukuu wangu. Libane hapa katikati kwa kucha, halafu lipinde. Haya." Ganda likapasuka, ikatokea nyama nyeupe inayong'aa kwa maji, na mtoto akaitia mdomoni nzima nzima. Baada ya hapo hatukusikia tena habari ya nywele. Maganda yalipanda mbele yake mpaka nikaingiwa na wasiwasi juu ya tumbo lake, na Shangazi akanituliza: mtoto hula mpaka kiu yake iishe, kisha huacha mwenyewe. Akaacha kweli.

Tulihamia pale. Watoto hawakuuliza tena habari ya hoteli.

Nataka nieleze vizuri alichotufundisha yule mama, kwa sababu sijakikuta katika kitabu chochote cha mapishi nilicho nacho. Shokishoki, alisema, lisipoiva mtini haliivi tena; ukilichuma changa umelitupa. Chungwa ni vilevile, na nanasi ni vilevile: rangi inaweza kubadilika, utamu hauongezeki. Embe ni jingine. Embe, ndizi, papai, stafeli na fenesi huendelea na kazi yake hata baada ya kuachana na mti, mradi liwe limekomaa. Wataalamu wanaeleza kuwa matunda ya kundi hili hutoa gesi ya ethilini inayoyaivisha, na ndiyo maana ukiyafunika pamoja yanawahi. Shangazi hakuhitaji jina la gesi. Alikuwa na gunia, majani makavu ya migomba na kona ya jikoni, na alijua lini afunue.

Kukomaa kwa embe, basi, hutambuliwaje? Alimchukua mwanangu mkubwa hadi chini ya mwembe wa boribo, akamwonyesha kwa kidole. "Tazama mabega yake. Embe changa mabega yameshuka, kikonyo kimechomoza. Likikomaa mabega hujaa, yakapanda, kikonyo kikazama." Kijana wa jirani akaangua machache kwa upondo wenye kikapu kidogo kileleni, yasianguke yakapondeka. Kisha yakalazwa kikonyo chini juu ya majani ili utomvu utoke wote. Hapa Shangazi alikuwa mkali. Utomvu wa embe huchoma ngozi, na watoto wengi hupata vidonda vya midomo kila msimu kwa haraka ya kutia jino kabla hawajaosha. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, na anayejua ukali wa mafuta ya ganda la korosho hatashangaa.

Kisha tukala. Kulikuwa na boribo, kubwa, nyama yake haina nyuzi. Kulikuwa na muyuni, vidogo, ambavyo havikatwi kwa kisu: unakiminya polepole mpaka ndani kiwe uji, unatoboa kichwani, unanyonya. Mimi nilikuwa nimezoea maembe ya sokoni kwetu, yaliyosafiri juu ya lori kutoka mbali, na niseme wazi kwamba sikujua embe linaweza kuwa na harufu inayokufikia kabla hujalishika. Watoto walivua mashati. Maji ya embe yalitiririka hadi viwikoni. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno, na watu waliowahi kusafiri na watoto watatu wanajua hilo ni jambo la kukumbukwa.

Alfajiri tulikuwa tukisikia kishindo shambani, halafu kimya, halafu kishindo kingine. Ni maduriani yakianguka. Kwa Shangazi duriani halianguliwi. Linangojwa lishuke lenyewe, na hakuna anayekaa chini ya mduriani msimu ukifika, kwa sababu tunda lile ni zito na lina miiba ya kweli. Mume wangu alilipasua kwa furaha ya mtu aliyerudi utotoni. Binti wa kati akashika pua, akakimbilia uani. Nilitaka kumwita arudi aonje kwa heshima ya mwenyeji, Shangazi akanizuia kwa mkono. "Mwache. Duriani halimfuati mtu." Kesho yake binti alikuja mwenyewe, akakaa karibu na bibi yake, akaomba kidogo, kisha akaomba tena. Tangu siku ile nimeacha kusukuma kijiko kinywani mwa mtoto yeyote.

Fenesi nalo lilikuwa na siku yake, kwa sababu kulipasua ni kazi ya nusu ya asubuhi. Unapaka mafuta ya nazi mikononi na kwenye kisu, la sivyo ulimbo utakaa nawe mpaka jioni. Kokwa zake hazikutupwa. Zilichemshwa kwa chumvi na tukazila jioni na chai.

Mchana, chakula kilipokuwa wali na samaki, pembeni palikaa bakuli la achari ya embe. Nikamwambia mume wangu habari niliyoisoma zamani, na nafikiri wenyeji wa pwani wangepaswa kuijua kama wanavyojua majina ya babu zao. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipita pwani yetu akielekea Kilwa. Mogadishu walimpa wali wa samli, na pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, malimau na pilipili za siki, tangawizi mbichi, na maembe. Akaeleza kwamba tunda hili likiiva ni tamu sana, na likiwa bichi ni kali kama limau na hutiwa siki. Mombasa akaonja zambarau, akalilinganisha na zeituni kwa umbo na kulisifu kwa utamu. Yaani bakuli lile la Shangazi lina karibu miaka 700 mezani kwa watu wa pwani hii. Miembe, migomba, mifenesi, mishokishoki na miduriani asili yake ni Asia, ikavuka bahari kwa nyakati mbalimbali. Mananasi, mapapai, mapera, mastafeli na mikorosho ilitoka Amerika, baada ya Wareno kuanza kupita huku na huko katika bahari hizi. Mibuyu, mikwaju na mibungo ni yetu tangu awali. Kila mti una safari yake, na watu waliokula matunda hayo walijua kuipokea.

Shamba lile, hata hivyo, lina uzito wake, na Shangazi hakutuficha. Kila jioni watoto walipewa kazi ya kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia kwenye shimo refu. Kazi hiyo ina sababu. Mwaka 2003 aligunduliwa Afrika Mashariki nzi wa matunda kutoka Asia, anayetaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini. Tunda kwa nje huonekana zima, ukilipasua ni funza. Funza hao hutoka kwenye matunda yaliyoanguka, huingia ardhini, na baadaye hutoka nzi wapya. Kufukia ni kuwakatia njia. Wako wanaotundika mitego yenye dawa inayowavuta madume, lakini mtego wa mtu mmoja hausaidii sana kama jirani ameacha maembe yanaoza chini.

Kisha kuna wachuuzi. Huja maembe yangali madogo kama vidole, wanazunguka mti, wanataja bei ya mti mzima. Mwenye shamba aliye na mtoto wa kulipiwa skuli au mgonjwa wa kupelekwa hospitali huuza, na msimu ukifika anatazama magunia yakitoka kwake kwa bei ambayo si yake tena. Na ambaye hakuuza mapema hukuta soko limefurika, kwa sababu kila mwembe umezaa wiki zilezile. Hapo ndipo maneno ya yule mhudumu, kwamba maembe yanaoza, yanapata maana yake kamili.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini wasiyapeleke hotelini. Alisema jirani yake alijaribu. Walitaka maembe ya ukubwa mmoja, kila wiki idadi ileile, na risiti, na malipo baada ya mwezi. Mwezi ukawa miezi. Jirani akarudi kwa mchuuzi, ambaye angalau hulipa akipakia. Siwezi kusema hoteli hazina hoja: mpishi anayelisha wageni wengi anahitaji uhakika, na mwembe hauandiki mkataba. Lakini hoja hiyo ni nyepesi ukiilinganisha na hasara. Mgeni aliyetoka mbali anaondoka Unguja msimu wa maembe bila kuonja embe, na mwenye embe anafukia shimo.

Tulipokuwa mjini tulipita Darajani, kwenye soko lililofunguliwa mwaka 1904, na pale niliona jinsi mambo yanavyoweza kwenda vizuri. Matunda yamepangwa mafungu mafungu, mananasi yameegemezwa ukutani, mikungu ya ndizi inaning'inia. Nilimwomba muuzaji maembe. Hakuanza na bei. Aliuliza, "Dada, ya kula leo au kesho kutwa?" Nikamwambia mawili leo, manne kesho, mengine ya safari. Akayachagua moja moja, akibonyeza kwa kidole gumba, akinusa kwenye kikonyo, akayafunga kwenye mifuko mbalimbali, kila mmoja na siku yake. Tukayala kwa mpangilio wake, na hakuna hata moja lililotuangusha. Mtu yule ana elimu. Hakuna kibandiko kinachoweza kumpa mnunuzi alichotupa yeye.

Jioni, kwenye bustani ya Forodhani palepale mjini, watoto walikunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa na ndimu na tangawizi, wakitazama vijana wakiruka baharini. Mkubwa alimweleza mdogo wake kwa nini juisi ile lazima inywewe palepale kabla haijageuka rangi, na alieleza kwa sauti ya Shangazi, kwa maneno ya Shangazi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia cheti chochote alichowahi kuniletea nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Mama wa Kitanzania husikia shauri hilo kama deni jingine juu ya madeni. Lakini Dole hatukupima chochote, hatukubembeleza mtu, na nina hakika kila mtoto alivuka kiasi hicho kabla ya adhuhuri. Kilichofanya kazi ni mambo ya kawaida kabisa: tunda lilikuwa limeiva, lilikuwa karibu, lilikuwa na mtu mzima anayelijua na kulipenda, na lililiwa kwenye sinia moja na wengine. Mtoto aliyeangua embe kwa mkono wake hahitaji lisifiwe. Tangu turudi, juisi ya boksi imetoweka nyumbani kwetu bila ugomvi. Watoto wananiuliza tunda gani lina msimu sasa, na wao ndio huwauliza wauzaji wa Majengo, sokoni kwetu, kama ni la leo au la kesho.

Ndiyo maana sasa nasema familia inayopanga likizo ianze na kalenda ya matunda. Desemba na Januari nenda Unguja au Pemba kwa maembe, mashokishoki na maduriani. Miezi hiyohiyo Lushoto wana mapichi na maplamsi, na hewa ya baridi juu yake. Kuanzia Juni Muheza kuna machungwa ya kukufanya usahau ya mjini. Kwa nanasi, simama Kiwangwa, njia ya Bagamoyo. Safari hizi si za matajiri. Nyingi ni za basi, na malazi kwa ndugu au nyumba ya wageni.

Wenye hoteli wa visiwani, nawaomba mwandike vyakula vyenu kwa msimu. Mnunue kwa wakulima wa jirani wakiwa kikundi, muwalipe siku wanayoleta. Embe lisilolingana na mwenzake kwa ukubwa halimuudhi mgeni yeyote. Na wewe msomaji, ukikaa mezani ukaona tufaha lenye kibandiko mwezi wa maembe, muulize mhudumu kwa heshima maembe yako wapi. Kisha chukua watoto, uende huko yaliko, umpe mwenye mti bei anayostahili mkononi mwake.